Siku Moja katika Boma la Carcassonne

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa kusini, kati ya milima ya Pyrenees na milima iitwayo Montagne Noire, pana bonde pana lipitalo mto Aude. Tangu zamani za Warumi bonde hili limekuwa njia ya watu watokao Bahari ya Kati kwenda upande wa Bahari ya Atlantiki: wafanya biashara na ngamizi za askari, mahujaji na wakimbizi. Juu ya kilima, kando ya mto huo, umesimama mji wa kale wa Carcassonne, nao umezungukwa na kuta mbili, ukuta ndani ya ukuta, zenye minara 52. Ukizifuata kuta zote mbili kwa miguu utakuwa umetembea yapata kilometa 3. Nami nataka kuwaeleza habari za mji huu, kwa kuwa nalishinda humo siku nzima, na kwa kuwa habari zake zatuhusu sisi Wakristo kuliko wadhanivyo wengi wa wale wanaokwenda kuutazama.

Sisi twalikuwa mahujaji. Twalikuwa tumekwisha kusali huko Lourdes, na kabla ya kurudi nyumbani ikasalia siku moja. Padre wetu akatuongoza kwa gari la moshi kupita mji wa Toulouse hata Carcassonne. Stesheni ipo katika mji wa chini, kando ya mfereji mkubwa uitwao Canal du Midi, ambao Pierre-Paul Riquet aliuanza mwaka 1666, akafa mwaka 1680, miezi michache tu kabla haujafunguliwa. Kutoka hapo twalitembea hata daraja la kale la mawe, la karne ya 14, na tulipofika katikati ya daraja sote tukasimama bila kuambizana.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wakatekumeni habari za Yeriko na za malango ya Yerusalemu, na kila mara watoto huniuliza, "Mwalimu, ukuta wa mji ni kama ukuta wa nyumba?" Sasa nalikuwa nauona. Ukuta wa mji si kama ukuta wa nyumba hata kidogo. Ulikwea kilima na kushuka nacho, ukazunguka hata usiuone mwisho wake, na juu yake minara imepangana kama walinzi, mingine ina mapaa marefu yenye ncha. Nyuma yake kulikuwa na mbingu tu. Ndipo nikafahamu kwa nini watu wa kale, walipotaka kuusifu ulinzi wa Mungu, walimwita ngome.

Twaliingia kwa lango la mashariki, liitwalo Lango la Narbonne. Lina minara miwili minene, na mbele ya kila mmoja jiwe limechongoka kama omo ya jahazi, ili jiwe la adui likipiga liteleze. Juu ya mlango, katika kidirisha cha jiwe, imo sanamu ya Bikira Maria. Lango hili lilijengwa wakati wa mfalme Philippe III, mwishoni mwa karne ya 13. Mlikuwa na mahali pa kuwekea nyama ya chumvi na birika la kuwekea maji, hata lango peke yake laliweza kuhusuriwa siku nyingi na walinzi wake wasife kwa njaa.

Nje kidogo ya lango ipo sanamu ya mwanamke mwenye uso mpana, naye huitwa Dame Carcas, yaani Bibi Carcas. Wenyeji husimulia hadithi yake hivi. Mfalme Charlemagne aliuhusuru mji huu miaka mitano, wakati ulipokuwa mikononi mwa Waislamu. Watu wakafa kwa njaa, hata ikasalia nguruwe mmoja na kipimo kimoja cha ngano. Bibi Carcas, mjane wa mtawala wa mji, akaamuru nguruwe alishwe ngano ile yote, kisha atupwe chini kutoka juu ya mnara. Nguruwe akapasuka mbele ya maaskari wa mfalme, na ngano ikamwagika. Wakasema, "Hawa wana chakula kingi hata nguruwe wao wala ngano, sisi twangoja nini?" Wakang'oa hema zao. Ndipo bibi yule akapigisha kengele zote za mji ili kumwita mfalme wapatane, na kwa neno la Kifaransa kengele kulia ni "sonne". Basi, husema, ndiyo asili ya jina Carcassonne. Ni hadithi tamu, nami nalicheka sana. Lakini ni hadithi tu. Jina la mji ni la kale kuliko Charlemagne, na aliyewaondoa Waislamu katika nchi ile katika karne ya 8 ni Pépin, baba yake. Hata hivyo naliona vema kwamba watu wa mji wenye vita vingi namna ile walimweka langoni mwanamke aliyewashinda maadui kwa akili, wala si mtu mwenye upanga.

Ndani ya lango njia ni nyembamba, zenye mawe, na pande zote mbili maduka. Huuzwa humo panga za mbao na ngao za watoto, sabuni, peremende, na kila namna ya vikorokoro vya ukumbusho. Nisingependa kuwalaumu wachuuzi, maana kila mtu hula kwa kazi yake; lakini ni vigumu kuyasikia mawe katika kelele zile. Wakazi wenyewe waishio ndani ya kuta siku hizi ni wachache sana. Usiku maduka yakifungwa, karibu watu wote hushuka.

Basi twaliacha maduka, tukaenda katika uwanja mrefu ulio kati ya kuta mbili, ambao Wafaransa huuita "lices". Hapo pana kimya, na mtu aweza kuusoma ukuta kama kitabu. Chini kabisa, upande wa kaskazini, yaonekana kazi ya Warumi wa karne ya 3 na ya 4: mawe madogo madogo, na katikati yake mistari ya matofali mekundu. Juu yake ipo kazi ya watu wa baadaye, mawe makubwa zaidi. Ukuta wa nje ulijengwa katika siku za Mfalme Louis IX, ndiye Mtakatifu Louis. Mahali pengine ukuta wa Warumi umeinama, nao mafundi wa mfalme hawakuubomoa. Walichimba chini yake, wakatia msingi mpya, hata leo ukuta wa juu ni wa kale na wa chini ni mpya. Mimi sijaona nyumba iliyojengwa hivyo, kuanzia juu kwenda chini.

Kisha twalifika kwenye kisima kikubwa cha mji. Palikuwa nasi mwalimu mmoja wa shule, mama mtu mzima ambaye sote humheshimu. Aliinama akatazama ndani, kisha akamwuliza Padre: "Baba, siku za vita maji haya yaliwatosha watu wote?"

Padre akajibu, "Hayakuwatosha, Mama. Mji huu haukushindwa kwa mawe. Ulishindwa kwa kiu."

Akatukalisha penye kivuli, akatueleza, nami naandika hapa kwa urefu kwa sababu ndiyo habari iliyonifanya niandike.

Katika karne ya 12 walienea katika nchi hii watu walioitwa Wakathari. Walifundisha kwamba ulimwengu huu unaoonekana, na miili yetu, ni kazi ya nguvu mbovu, si ya Mungu mwema. Waliukataa ubatizo wa maji na ndoa, na waongozi wao hawakula nyama wala kuapa kiapo. Fundisho lao lilikuwa potovu, na katekista yeyote aijuaye Kanuni ya Imani aweza kuonyesha lilipopotoka. Lakini watu waliwapenda, kwa kuwa waliishi kimaskini na kufanya kazi kwa mikono yao, hali mapadre wengi wa wakati ule walipanda farasi na kuvaa mavazi ya fahari. Mtakatifu Dominiko alilifahamu jambo hili. Alipita vijiji vya nchi hii kwa miguu, maskini kama wao, akijadiliana nao; na huko Prouille, magharibi ya Carcassonne, akaanzisha nyumba ya watawa wanawake.

Lakini wengine hawakuwa na saburi yake. Mwezi wa Januari 1208 mjumbe wa Papa, Pierre de Castelnau, aliuawa. Papa Innocent III akatangaza Vita vya Msalaba, na safari hii si juu ya Waislamu wa ng'ambo bali juu ya nchi ya Wakristo. Jeshi kubwa likashuka kutoka kaskazini, kila mtu na msalaba wa kitambaa kifuani. Tarehe 22 Julai 1209 waliuingia mji wa Béziers, wakaua watu bila kubagua, Wakatoliki na Wakathari, wakubwa na watoto, hata waliokimbilia makanisani. Abati Arnaud Amaury, mjumbe wa Papa aliyefuatana na jeshi, alimwandikia Papa kwamba waliouawa ni karibu 20,000. Huenda hesabu hiyo ilizidi; lakini aliiandika yeye mwenyewe, wala hakuiandika kwa majuto.

Siku chache baadaye, mwanzo wa Agosti, jeshi likafika Carcassonne. Mtawala wa mji alikuwa Raymond-Roger Trencavel, kijana wa miaka 24. Yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, ila hakuwatesa Wakathari wala Wayahudi waliokaa katika nchi yake. Watu wa mashamba walikuwa wamekimbilia ndani ya kuta na mifugo yao. Maadui wakautwaa mtaa uliokuwa upande wa mto, na njia ya maji ikakatika. Ilikuwa wakati wa jua kali. Visima vikapungua, wanyama wakachinjwa na kuoza, mainzi yakajaa, watoto wakaugua. Mfalme Pedro wa Aragon alikuja kuwapatanisha. Wakubwa wa jeshi wakasema kwamba Trencavel aweza kutoka salama na wenzake wachache, bali watu wengine waachwe. Kijana yule akakataa. Mwishowe akatoka kwenda kufanya mapatano, akashikwa, na mji ukasalimu amri.

Siku ile ilikuwa tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni.

Watu hawakuuawa kama Béziers. Waliamriwa watoke wote, wasichukue kitu ila vazi la mwilini, wanaume kwa shati na suruali, wanawake kwa kanzu. Nyumba, vitanda, nafaka na vyombo vya mafundi, vyote wakaviacha. Trencavel alifungwa katika boma lake mwenyewe, akafa humo mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Mji akapewa Simon de Montfort, mkuu mmoja wa jeshi lile.

Padre aliponyamaza, yule mama akauliza, "Walikwenda wapi na watoto?"

"Wengine Toulouse, Mama, wengine Aragon, wengine Hispania kwa mbali. Kila mtu kwa alipokuwa na jamaa."

"Na asiyekuwa na jamaa?" akasema. Hakuna aliyemjibu.

Kutoka hapo twaliingia katika kanisa la Mtakatifu Nazaire, lililo upande wa kusini wa mji. Papa Urban II alibariki mawe yake mwaka 1096, naye ndiye aliyetangaza Vita vya Msalaba vya kwanza mwaka uliotangulia. Sehemu ya mbele, watakapokaa waumini, ni ya namna ya kale: nguzo nene, giza kidogo, kama pango safi. Lakini ukienda mbele hata altareni ukuta watoweka, na mahali pake pana vioo vya rangi virefu toka chini hata juu, vya mwisho wa karne ya 13 na mwanzo wa karne ya 14. Katika kimojawapo umo Mti wa Yese, ukoo wa Bwana wetu, shina na matawi, wafalme wa Yuda mmoja juu ya mwenzake. Jua la mchana lilikuwa likipita ndani yake, na sakafu ikawa nyekundu na samawi. Twalipiga magoti tukasali rozari. Nimesali katika makanisa mengi, ya miti na udongo na ya mawe. Hili ni zuri mno.

Na katika kanisa hili hili limewekwa jiwe la kaburi lisemwalo kuwa la Simon de Montfort. Aliuawa mwaka 1218 alipokuwa akiuhusuru mji wa Toulouse. Jiwe lililorushwa kwa mtambo kutoka ukutani lilimpiga kichwani, na mshairi wa wakati ule asema mtambo ule uliendeshwa na wanawake. Mwili wake ukazikwa hapa, kisha baadaye ukachukuliwa kwao kaskazini. Basi nikawa nimesimama kati ya vitu viwili, kulia vioo vya rangi, kushoto jiwe la mtu yule. Walioleta uzuri huu ni wafalme waliorithi ushindi wake. Huwezi kuchagua kimoja na kusema hiki ni cha Kanisa na kile si chake. Nyumbani wanafunzi wakubwa huniuliza habari za Vita vya Msalaba, maana husikia habari hizo kwa jirani zao Waislamu, na walimu wengine hupenda kufungua ukurasa mwingine. Tarehe 12 Machi 2000, katika mwaka wa Yubilei, Papa Yohane Paulo II alisimama katika kanisa la Mtakatifu Petro akaomba msamaha kwa Mungu mbele ya ulimwengu wote, kwa ajili ya Wakristo waliotumia nguvu wakidai kuitumikia kweli. Kama Papa aliweza kuyasema hayo penye altare, mwalimu aweza kuyasema penye ubao.

Sasa nitaeleza jinsi boma lilivyopona, kwa kuwa msomaji aweza kudhani limesimama hivi tangu zamani. Sivyo. Mwaka 1659 Ufaransa na Hispania zilipatana, na mpaka ukasogezwa kusini hata milima ya Pyrenees. Boma likakosa kazi. Matajiri wakahamia mji wa chini. Juu wakabaki maskini, wengi wao wafumaji wa nguo, wakajenga vijumba vyao kati ya kuta mbili, mgongo wa nyumba ukiegemea ukuta wa mfalme. Mawe yakachukuliwa kidogo kidogo kwenda kujengea kwingine. Mwaka 1850 serikali ikaliondoa boma katika hesabu ya ngome zake, maana yake lingebomolewa na mawe yake kuuzwa. Mwenyeji mmoja, Jean-Pierre Cros-Mayrevieille, mwandishi wa historia, akapiga kelele. Akasaidiwa na Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale. Na amri ile ikatanguliwa. Kazi ya kutengeneza akapewa Eugène Viollet-le-Duc, yule aliyetengeneza pia Notre-Dame ya Paris na kujenga mnara wake mwembamba ulioanguka kwa moto tarehe 15 Aprili 2019. Hapa alikuwa ameanza na kanisa mwaka 1844. Kuta alizianza mwaka 1853, akafa mwaka 1879 kazi haijaisha, na wanafunzi wake wakaiendeleza hata karne ya 20. Mwaka 1997 mji ukatiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ulimwengu.

Wataalamu wengi wamemlaumu bwana huyu. Wasema kwamba mapaa marefu yenye ncha, yaliyoezekwa kwa vibao vya jiwe la rangi ya kijivu, ni desturi ya kaskazini, na kwamba huku kusini watu waliezeka kwa vigae vya udongo na mapaa yasiyoinuka sana. Ndiyo sababu minara mingine imekwisha kuezekwa upya kwa vigae. Mimi si fundi, wala mapaa hayanisumbui. Kama yeye asingefanya kazi, leo wasingekuwa na ukuta wa kubishania. Linalonisumbua ni jambo jingine, ambalo watu hulitaja kwa haraka. Ili kuta zionekane vizuri, vijumba vyote vya wafumaji vilinunuliwa na kubomolewa, na wenyewe wakaondoka. Uwanja ule wenye kimya nilioufurahia asubuhi ulikuwa kijiji. Laiti wangaliacha nyumba moja, na kinu chake cha kufumia, na meko yake.

Mchana twalikula chakula cha nchi ile, kiitwacho cassoulet: maharage meupe yaliyopikwa polepole katika chungu cha udongo, pamoja na nyama ya bata na soseji za nguruwe. Sisi wala maharage twalitazamana tukacheka. Yule mama akasema yamekosa nazi, lakini chungu chake hakikubaki kitu.

Jioni twalishuka kwa lango la magharibi, kwa njia ya mteremko mkali kati ya kuta, hata kanisa la Mtakatifu Gimer chini ya kilima, tukavuka daraja. Mji wa chini nao una asili yake. Mwaka 1240 mwana wa Trencavel alirudi na watu wake akajaribu kuutwaa mji wa baba yake, na watu wa mitaa ya nje wakamsaidia. Alishindwa. Mitaa yao ikabomolewa, nao wakafukuzwa. Mwaka 1247 Mfalme Louis IX akawaruhusu warudi, ila si kilimani. Wakapewa kujenga ng'ambo ya mto, juu ya ardhi tupu. Mwaka 1355 Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, akauchoma moto mji wao, wala boma la juu hakuligusa. Wakajenga tena.

Njia zao zimenyoka, zakatana sawasawa, na katikati pana uwanja wenye chemchemi. Pande zote kuna mji mkubwa sasa, wenye watu zaidi ya 40,000, wenye shule, hospitali na kanisa kuu la jimbo, Mtakatifu Mikaeli, kwa maana kiti cha askofu nacho kilikwisha shuka kutoka kilimani tangu mwanzo wa karne ya 19. Twalikaa uwanjani kungoja saa ya gari la moshi. Wanawake walipita na vikapu vya mkate na vitunguu, wazee wawili walikuwa wakibishana juu ya mpira, na mtoto mmoja alimrushia njiwa makombo.